Sheria ya Musa na serikali: kabla ya kumpa mtawala adhabu za Torati, tumsomee kwanza Kumbukumbu 17

Mleta uzi:

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Na wasio Wakristo salaam kwenu, karibuni, maana hili linawagusa pia.

Kila mjadala wa Biblia na serikali ukifunguliwa, watu hugawanyika mapema. Wapo wanaosema sheria ya Mungu haina mbadala, serikali ikitaka baraka iichukue Torati na adhabu zake iipitishe. Wapo wanaosema ya Musa yalishapita, Mkristo asome Warumi 13 inayoagiza kutii mamlaka, alipe kodi, aombee viongozi, basi. Mimi nazikataa zote mbili. Torati inapogusa utawala, kazi yake kubwa ni kumbana mtawala. Ukimkabidhi adhabu zake ukaacha mipaka aliyowekewa, umempa rungu tu. Na Warumi 13 ukiisoma bila Torati nyuma yake, unabaki na raia mtiifu na mtawala asiye na wa kumuuliza.

Tuanze na swali la msingi: sheria ya Musa inamfunga nani leo?

Jibu ambalo kanisa la Magharibi lilikaa nalo kwa karne nyingi lilipangwa vizuri na mwanateolojia Thomas Aquinas katika karne ya 13. Alizigawa amri katika mafungu matatu: za maadili, za ibada, na za hukumu. Za maadili zinamhusu kila mwanadamu. Za ibada, yaani sadaka, ukuhani, vyakula na sikukuu, zilimwelekea Kristo na zikatimia kwake. Za hukumu zilikuwa za kuendesha taifa la Israeli, na hazililazimishi taifa lingine. Waprotestanti waliubakiza mgawanyo huo. Hata Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti ambaye wengi humdhania alitaka mji wake wa Geneva uwe Israeli ya pili, aliandika waziwazi kwamba ni upumbavu na hatari kudai nchi haiwezi kutawaliwa vyema bila sheria za kisiasa za Musa. Ungamo la Westminster, tamko la imani la Waprotestanti lililoandikwa London katika miaka ya 1640, likasema zile sheria za hukumu zilikoma pamoja na dola ya Israeli, na haziwafungi wengine isipokuwa kwa kadiri ambayo haki ya jumla iliyo ndani yake inadai.

Hiyo "haki ya jumla" ndiyo inayonivutia. Chukua Kumbukumbu 22:8: ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Kule watu walipanda juu ya dari, wakakaa, wakalala huko. Paa la bati lenye mteremko halihitaji ukingo huo. Lakini mwenye ghorofa akiacha ngazi bila kishikio mtu akavunjika shingo, amri ile bado inamhukumu. Mwenye mali anawajibika kwa hatari aliyoiona akaiacha. Hilo ndilo linalovuka kutoka Israeli kuja kwetu.

Na huu si ujanja wa wanateolojia wa baadaye. Paulo mwenyewe alifanya hivyo. "Usimfunge kinywa ng'ombe apurapo nafaka" (Kumbukumbu 25:4), yeye akaitoa humo kanuni kwamba mtenda kazi ale kwa kazi yake (1 Wakorintho 9 na 1 Timotheo 5).

Nikiri kwamba mafungu haya matatu hayakuandikwa lebo ndani ya Torati. Fungua Walawi 19. Mstari wa 13 unakataza kulala na ujira wa kibarua mpaka asubuhi, wa 18 unaagiza kumpenda jirani kama nafsi yako, wa 19 unakataza mbegu za namna mbili shambani na nguo ya nyuzi za namna mbili. Zote ziko pamoja, kwa pumzi moja. Kwa hiyo mgawanyo unasaidia kufikiri, ila hautuondolei kazi ya kusoma kila amri na kuuliza ililinda nini.

Sasa kuna ndugu zetu wa teonomia, wanaotaka sheria ya Musa pamoja na adhabu zake iongoze serikali za leo. Tuwatendee haki, maana mara nyingi wanasemwa vibaya na watu ambao hawajawasikiliza. Jina linalotajwa sana ni Rousas Rushdoony, Mmarekani aliyetoa kitabu kinene juu ya sheria ya Biblia mwaka 1973, kisha Greg Bahnsen mwaka 1977. Hoja yao ni kwamba Yesu alisema hakuja kuitangua Torati (Mathayo 5:17), kwamba Musa alisema mataifa yataona sheria hizi na kukiri hekima yake (Kumbukumbu 4:6-8), na kwamba serikali yoyote isiyofuata sheria ya Mungu inafuata sheria ya mungu mwingine, hakuna uwanja usio na mwenyewe. Hiyo ya mwisho ina uzito. Kila sheria imebeba imani fulani kuhusu mtu ni nani. Asiyeliona hilo hajachunguza.

Lakini hitimisho lao, kwamba adhabu za Torati nazo zinazifunga serikali zote, linagongana na Paulo pale Korintho. Mtu amemtwaa mke wa baba yake. Adhabu ya Torati inajulikana: Walawi 20:11, kifo. Paulo anafanya nini? Ananukuu maneno ya Kumbukumbu kabisa, mwondoeni yule mbaya miongoni mwenu, lakini anaagiza atengwe na kanisa. Hakuna jiwe lililookotwa, wala hakuna barua kwa liwali kumtaka amuue. Na katika sura ileile ya 5 anasema walio nje Mungu ndiye atakayewahukumu. Kusudi la kutenga ni ili roho ya yule mtu iokolewe. Maneno yaliyofunga hukumu ya kifo kule Israeli, kanisani yanafunga nidhamu yenye mlango wa toba.

Tazama pia Amosi sura ya 1 na ya 2. Nabii anayapitia mataifa jirani. Dameski wameipura Gileadi kwa vyombo vya chuma. Gaza wamehamisha watu wote utumwani. Waamoni wamewapasua wanawake wenye mimba ili kupanua mipaka. Moabu wameichoma mifupa ya mfalme wa Edomu. Halafu anafika Yuda, na hapo tu ndipo anapotaja kosa la kuikataa sheria ya Bwana. Mataifa hayakushtakiwa kwa sabato wala kwa nguruwe. Yameshtakiwa kwa ukatili ambao dhamiri ya mtu yeyote inaujua. Najua watu wa teonomia watanijibu na Walawi 18, kwamba Wakanaani walitapikwa na nchi kwa uchafu wao. Sawa. Nako huko ni mambo ya maadili, ikiwemo kutoa watoto sadaka, na aliyewahukumu ni Mungu.

Nije kwenye sura ambayo naona haisomwi vya kutosha katika mjadala huu: 1 Wafalme 21, shamba la mizabibu la Nabothi. Tumezoea kuihubiri kama habari ya tamaa. Isome leo kama habari ya mahakama.

Mfalme Ahabu anataka shamba la Nabothi lililo karibu na nyumba yake huko Yezreeli. Anatoa ofa nzuri tu: shamba bora zaidi, au fedha. Nabothi anakataa kwa sababu ni urithi wa baba zake, na Torati iko upande wake, ardhi ya ukoo haikuwa ya kuuzwa moja kwa moja (Walawi 25:23). Ahabu analala kitandani, anageuza uso, hataki chakula. Hapo anaonyesha kwamba anajua sheria inamzuia. Mfalme wa Israeli hawezi kumnyang'anya mkulima shamba.

Yezebeli, mke wake, ndiye anayejua njia ya kupita. Anaandika barua kwa jina la Ahabu, anazitia muhuri wa mfalme, anazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji. Pigeni mbiu ya kufunga. Mketisheni Nabothi mbele ya watu. Wekeni watu wawili wasiofaa wamshuhudie kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Halafu mtoeni nje ya mji, mpigeni mawe.

Wakuu, hesabuni hatua hizo moja moja. Mashahidi wawili: Kumbukumbu 17:6. Kosa la kumtukana Mungu na mkuu wa watu: Kutoka 22:28. Adhabu ya mawe kwa anayelikufuru jina: Walawi 24:16. Wazee wa mji kuhukumu, hadhara kushuhudia, hata mfungo wa kidini upo. Mtu akisoma kumbukumbu za kesi ile asingeona kasoro. Kila kifungu cha Torati kilitimizwa ili Torati yenyewe ivunjwe, damu isiyo na hatia ikamwagika na shamba likaenda kwa mfalme. Kulikuwa na sheria ya kumchunguza shahidi wa uongo kwa bidii na kumlipa lile alilokusudia kumtenda ndugu yake (Kumbukumbu 19:16-19), lakini waliopaswa kuchunguza ndio waliopokea barua.

Kwa hiyo mtu akiniambia serikali ipewe mamlaka ya kuua kwa kosa la kukufuru kwa sababu iko kwenye Biblia, swali langu la kwanza ni nani anashika muhuri.

Mungu mwenyewe aliliona hili kabla. Kumbukumbu 17:14-20 ni sheria ya mfalme, na ni ya ajabu kwa zama zile. Asijiongezee farasi, yaani nguvu za kijeshi. Asijiongezee wake. Asijirundikie fedha na dhahabu. Akiketi kwenye kiti, ajiandikie nakala ya sheria, aisome siku zote za maisha yake, moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Raia hapo anaitwa ndugu. Sulemani alivunja makatazo yote matatu (1 Wafalme 10 na 11), na ufalme ukapasuka mara baada yake. Tena mfalme hakuwa kuhani. Uzia, mfalme hodari kwelikweli, alipoingia hekaluni kufukiza uvumba, kuhani Azaria na makuhani themanini walisimama mbele yake wakamwambia atoke, na ukoma ukamtokea kwenye paji la uso (2 Nyakati 26). Watu wanaodhani kutenganisha kazi ya madhabahu na kazi ya kiti cha enzi ni wazo la wasioamini, wapitie hapo.

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza:

Mtumishi, nimekuelewa ila naona umeacha mlango wazi sana. Ukisema adhabu za Torati hazifungi, basi serikali itachukua maadili yake wapi? Leo hii wabunge wakipiga kura kwamba ovu ni jema, utawajibu nini?

Mleta uzi:

Mkuu, swali zuri. Nitawajibu kwa Biblia bila kigugumizi, kama Nathani alivyomjibu Daudi na Eliya alivyomkuta Ahabu ndani ya shamba lilelile. Serikali iko chini ya Mungu hata isipomkiri. Ninachokataa ni kwamba kila dhambi ni jinai. Yesu mwenyewe alilisema katika Mathayo 19:8: Musa aliwaruhusu kuwaacha wake zao kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao, tangu mwanzo haikuwa hivyo. Maana yake, ndani ya Torati yenyewe, sheria ya nchi ilivumilia jambo ambalo Mungu halipendi, ikaliwekea utaratibu wa hati ya talaka. Amri ya kumi inakataza kutamani, na hakuna mahali Torati inaweka adhabu ya mahakama kwa kutamani. Sheria ya nchi ni ya mambo ambayo mashahidi wawili wanaweza kuyaona.

Halafu ukitaka maadili ya kuipeleka serikalini, yamejaa. Vipimo vya haki sokoni (Kumbukumbu 25:13-16). Mwizi wa kondoo kumlipa aliyeibiwa kondoo wanne badala ya kuozea gerezani huku aliyeibiwa haambulii kitu (Kutoka 22:1). Hakimu asimpendelee maskini wala asimstahi mwenye nguvu (Walawi 19:15). Mtumwa aliyetoroka asirudishwe kwa bwana wake (Kumbukumbu 23:15). Wanaopiga kelele kuhusu kurudisha Torati mbona hizi hawazitaji?

Mchangiaji wa pili:

Mimi naona mnapoteza muda wote wawili. Ufalme wetu si wa ulimwengu huu, Bwana alisema. Mkristo na upanga wapi na wapi? Tuwaachie dunia yao.

Mleta uzi:

Ndugu, msimamo wako una historia ya damu na ninauheshimu. Waanabaptisti, Wakristo waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, walipokutana Schleitheim huko Uswisi mwaka 1527 waliandika kwamba upanga umeamriwa na Mungu, lakini nje ya ukamilifu wa Kristo, hivyo Mkristo asishike uhakimu. Michael Sattler, aliyeongoza kazi hiyo, alichomwa moto mwaka huohuo kwa hukumu ya serikali iliyojiita ya Kikristo. Sauti hiyo ilihitajika na bado inahitajika.

Bado siwezi kwenda nawe hadi mwisho. Danieli alitumikia dola ya kipagani kwa uaminifu. Erasto aliyetajwa Warumi 16:23 alikuwa wakili wa mji, na Paulo anapeleka salamu zake bila kumtaka ajiuzulu. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, aliwaambia wasimdhulumu mtu na watosheke na mshahara wao (Luka 3:14). Tukitoka wote, kiti cha hakimu hakitabaki kitupu.

Mchangiaji wa kwanza:

Sawa mtumishi, lakini amri nne za kwanza je? Ibada ya sanamu na kufuru ni makosa makubwa kuliko wizi. Serikali inaadhibu dogo inaacha kubwa?

Mleta uzi:

Mkuu, hapa ndipo kanisa limelipa gharama kubwa, kwa hiyo nitachukua nafasi kidogo.

Koloni la Waingereza la Massachusetts, huko Amerika, mwaka 1641 liliorodhesha makosa ya kifo na kuweka andiko la Biblia kwenye karibu kila moja: ibada ya miungu mingine, uchawi, kufuru. Watu wale walikuwa wacha Mungu wa kweli, na kwenye waraka uleule walidai mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuuawa. Hata hivyo mwaka 1660 mjini Boston walimnyonga Mary Dyer kwa kuwa alikuwa Mquaker, mfuasi wa kundi la Kikristo walilolipiga marufuku, na aliendelea kurudi mjini humo. Roger Williams, waliyemfukuza mwaka 1635, aliwaambia mapema kwamba serikali haina kazi na amri za ubao wa kwanza, zile za mtu na Mungu wake. Alianzisha Providence mwaka 1636 mtu aweze kuabudu bila kulazimishwa. Williams hakuwa mtu wa dini vuguvugu. Alikuwa mkali wa mafundisho kuliko wengi wao.

Geneva, 27 Oktoba 1553, Servetus alichomwa moto kwa kukana Utatu. Sebastian Castellio akaandika kwamba kumwua mtu si kutetea mafundisho, ni kumwua mtu. Mimi naamini Servetus alikosea vibaya kuhusu Utatu. Na naamini Castellio alisema kweli.

Yesu alitoa mfano wa magugu shambani. Watumwa walitaka kuyang'oa, bwana akawakataza, viache vikue vyote mpaka mavuno, msije mkang'oa ngano pamoja nayo (Mathayo 13). Shamba ni ulimwengu, alifafanua mwenyewe. Kosa la ubao wa kwanza ni kubwa kuliko wizi, umesema kweli, na kwa sababu ni kubwa Mungu amelishika mwenyewe. Makanisa yalichelewa kulikubali. Warefomati wa Uholanzi waliondoa mwaka 1905 maneno katika ungamo lao yaliyoitaka serikali iondoe ibada ya sanamu, na Abraham Kuyper alikuwa mmoja wa waliosukuma hilo. Wakatoliki walitoa tamko lao la uhuru wa dini katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Desemba 1965.

Mchangiaji wa tatu:

Shikamoo mtumishi. Naomba kuuliza kuhusu mwaka wa yubile, ule wa hamsini katika Torati. Je, serikali ya Kikristo ilazimishe madeni kufutwa na ardhi kurudishwa?

Mleta uzi:

Marahaba. Wakristo waaminifu wanatofautiana hapa, nami nitasema ninavyoona. Walawi 25 iliwahusu watu waliogawiwa nchi kwa kura kwa makabila, hatuwezi kuinakili. Lakini tazama ilivyofanya kazi: bei ya shamba ilihesabiwa kwa idadi ya mavuno yaliyobaki mpaka yubile. Aliyeuza alikuwa anauza mavuno, ardhi yenyewe hapana. Kusudi ni kwamba baba akianguka kwa deni, wajukuu wasizaliwe watumwa. Kuna ukopeshaji unaofanya hasa hicho ambacho sheria ile ilizuia, na mbunge Mkristo anaweza kuupinga akiwa na Walawi mkononi. Njia ya kufanya hivyo ni ya kujadiliana, Biblia haikutuandikia muswada.

Mchangiaji wa pili:

Na Warumi 13 je? Umeigusa mwanzo ukaikimbia.

Mleta uzi:

Sijaikimbia ndugu, naona iko wazi ukiisoma mpaka mstari wa 4. Mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Mtumishi ana bwana, na ana kazi aliyotumwa. Paulo aliandika hayo Nero akiwa madarakani, kwa hiyo hakuwa anasifu serikali nzuri. Anakataza uasi wa kuvunja kila mamlaka, na anataka kodi ilipwe. Hilo nalishika.

Ila Paulo huyohuyo tumwone akitenda. Wakunga wa Waebrania kule Misri, Shifra na Pua, walikwisha kukataa amri ya Farao ya kuua watoto, na Mitume walikwisha kusema "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu" (Matendo 5:29). Paulo anaongeza jambo lingine. Kule Filipi alichapwa viboko hadharani pamoja na Sila bila kuhukumiwa, naye ni raia wa Rumi. Asubuhi mahakimu wakatuma maofisa wamwachie kimyakimya. Akakataa. Wametupiga mbele ya watu bila hukumu, sasa wanatutoa kwa siri? Hapana, waje wenyewe watutoe. Hakushika upanga wala hakutukana. Alidai tu serikali iifuate sheria yake, mbele ya watu walewale walioona viboko. Na mahakimu waliogopa, wakaja, wakamsihi (Matendo 16:37-39).